Mkono Ulioandika Pembeni

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema niandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja. Mkono wa kushoto ujifunze kazi, kumbukumbu ijinyooshe, na mkono wa kulia uminye mpira asubuhi na jioni mpaka uzinduke. Basi huyu hapa mimi, mtu mzima mwenye mvi, naandika kama mtoto wa chekechea, herufi moja inapanda mlima na ya pili inateremka.

Kiharusi kilinipiga Agosti. Kiliondoka na mkono wangu wa kulia na miaka yangu miwili. Mkono unarudi kidogo kidogo, miaka haijarudi. Nakumbuka vizuri tulivyohamia nyumba hii, nakumbuka mazishi ya mama, nakumbuka hata bei ya viatu vyangu vya arusi. Baada ya hapo ni ukuta, na upande wa pili wa ukuta ni dari la hospitali na uso wa mke wangu.

Leo nimerudi chuoni. Mkuu wa idara amenipa kitabu kimoja tu cha kufundisha muhula huu, kile cha kale kinachouliza mtu ni nini. "Usijichoshe, mwalimu," alisema, akawahi kutazama saa. Nakala ni moja, ya idara, wanafunzi wana vitini vilivyochapwa upya mwaka huu, na pembeni mwa kurasa zake mtu ameandika maoni kwa penseli ngumu, herufi ndogo kama sisimizi. Nadhani ni yule mzee mwenzetu aliyestaafu. Sikuuliza.

Karatasi hizi kanipa mchapaji wetu, tunayemwita Mama Chapa. Ni desturi ya idara: vitini vya darasa hukusanywa kabla ya mtihani, kisha upande wake mweupe unatumika tena. Kwetu hakitupwi kitu ila walimu. Nilipomwomba karatasi chakavu za kuandikia shajara alinitazama muda mrefu kuliko ombi lenyewe lilivyostahili. Akainama chini ya meza, akatoa rundo lililofungwa kwa kamba.

"Andikia hizi, mwalimu," alisema. "Zimekaa zinakungoja."

Nimechungulia upande uliochapwa. Ni kitabu hichohicho, basi sikujisumbua.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la kwanza. Mvua ilianza nikiwa naita majina.

Mwandishi wa kitabu alikufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, lakini hoja yake bado ina meno. Anasema kinachomfanya mtu wa leo awe yuleyule wa jana si mwili wala jina. Ni ule ufahamu wake unaoweza kurudi nyuma na kukiri kwamba lile tendo nililitenda mimi. Ufahamu unapokoma kurudi, na mtu anakomea hapo.

Niliwapa mfano wa kinyozi aliyenyoa nusu ya ndevu za mteja, akazirai, akazinduka hakumbuki kitu. Je, ndiye anayepaswa kumalizia nusu ya pili? Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, mtu akisahau arusi yake anahesabiwa kapera?" Darasa likacheka, nami nikacheka. Kicheko changu kiliwanyamazisha. Walinitazama kama watu waliosikia paka anabweka.

Kuna msichana dirishani anasoma kwa rula. Anaiweka chini ya mstari, anamaliza, anaishusha mstari wa pili. Wenzake wote waliniamkia waliponipita mlangoni. Yeye alipita.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mpira mara hamsini. Hakuna jipya.

Ijumaa, 14 Machi

Mwenye Rula amekuja ofisini. Hakuketi.

"Nina swali la kitabu," alisema. "Sentensi hii iko ukurasa gani?" Akaitamka bila karatasi, kwa sauti ya mtu aliyeitamka mara nyingi akiwa peke yake: "Aliyesahau si mtu mwingine, ni mtu yuleyule aliyefungiwa nje ya nyumba yake."

Nilimwambia siijui, na haiwezi kuwa ya mwandishi huyu maana inampinga. Nikamuuliza ameipata wapi.

"Ni ya kaka yangu. Aliiandika kwenye mtihani mwaka jana akasema ni ya kitabu. Mwalimu wa somo akasema hapana, ni ya mwongozo wake wa kusahihishia, neno kwa neno, na mwongozo ulikuwa umefungiwa kwenye droo. Kaka akafukuzwa kwa wizi. Sasa anapanga viatu dukani kwa mjomba. Rufaa yake inasikilizwa tarehe tisa Mei, na ikishindikana hapo hakuna chuo kingine kitakachompokea. Nimejiandikisha somo hili ili nikisome kitabu chote mpaka niikute."

"Pole sana," nikasema. "Na huyo mwalimu aliyemshtaki ni nani?"

Nimewahi kuona nyuso za hasira na nyuso za hofu. Huu wake ulikuwa na vyote viwili, ukavifunga kwa pamoja kama mtu anayefunga mkoba. Alinitazama, akautazama mkono wangu wa kulia uliolala mezani, kisha akanitazama tena.

"Mwalimu anamjua," alisema, akaondoka.

Akili ilininong'oneza jambo, nikaifukuza kama inzi.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimeona kitu nyumbani ambacho nadhani nilikuwa nakiona kila siku. Kabati la jikoni lina matundu mawili ya skrubu, moja kila mlango, na alama ya mraba mahali rangi haikupauka. Kabati la nguo vilevile. Sanduku la mkate vilevile. Hata mlango wa chumba cha kusomea, kwa nje na kwa ndani. Mtu alipachika vipete vya kufuli nyumba nzima, na mtu mwingine akaja akaving'oa.

Nilimuuliza mke wangu. Alikuwa anakunja mashuka. "Ya zamani hayo," alisema. Nyumba hii tuliijenga wenyewe, mpya.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemuuliza msajili habari za kijana aliyefukuzwa. Amekohoa, akasema faili liko kwa mkuu. Nilipomuuliza mkuu, akasema liko kwa msajili. Faili hilo lina miguu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeipata.

Haiko kwenye maandishi ya kitabu. Iko pembeni, ukurasa wa mia na nne, kwa penseli, herufi zilezile za sisimizi. "Aliyesahau si mtu mwingine, ni mtu yuleyule aliyefungiwa nje ya nyumba yake." Chini yake amepiga mistari miwili, ya pili kwa nguvu hadi karatasi imechanika kidogo.

Nilikaa nayo kipindi kizima cha mapumziko. Maana yake ni moja: aliyeandika pembeni ndiye aliyeandika mwongozo, na ndiye aliyemshtaki kijana. Na kama kijana aliisoma humu, basi alikitia mkono kitabu cha mwalimu, jambo ambalo mwanafunzi haruhusiwi. Nimepata sentensi, na imemzamisha zaidi.

Sikumwambia Mwenye Rula. Leo kafika ukurasa wa hamsini.

Huyu mtu wa pembeni simpendi. Nimesoma maoni yake mengine. Ana akili, siwezi kumnyima haki yake, lakini hana huruma hata na koma. Kila mahali anashuku. Mwandishi akisema watu wengi wanaamini hivi, yeye anaandika: "Watu wengi wanaiba imani kama wanavyoiba sukari." Nani anawaza sukari anaposoma falsafa?

Jumanne, 1 Aprili

Naandika hili mapema, kabla sijajishawishi kwamba halikutokea.

Darasani kijana wa nyuma alisoma jibu lake, jibu zuri, lenye kuyumba kidogo. Nikafungua kinywa kumsifu. Badala yake nikasikia sauti yangu, imepoa, imenyooka, ikisema: "Umeazima mguu wa mtu na bado unachechemea." Darasa zima liliinamisha kichwa kwa wakati mmoja, kama watu waliozoea kofi kutoka upande huo. Kijana aliketi. Nilimwomba radhi mbele ya wote, na radhi yangu iliwatisha kuliko tusi.

Saa tisa, mvua ikinyesha na ofisi ikiwa na giza kama jioni, nilifungua kurasa za kesho ambazo sijawahi kuzifungua. Ukurasa wa mia na kumi na tisa, pembeni, kwa penseli: "Kaazima mguu wa mtu na bado anachechemea."

Nilifunga kitabu. Nikakiweka juu yake kikombe cha chai, kama vile kingeweza kufunguka chenyewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Mpira mara themanini. Vidole viwili vinatii.

Jumanne, 8 Aprili

Mtaalamu wa viungo amenipa penseli nishike kwa mkono wa kulia. Niandike alfabeti, taratibu. Nakumbuka mwandiko wangu wa zamani vizuri: mkubwa, mlegevu, unaolala kushoto, wanafunzi walikuwa wanasema naandika nikiwa kitandani. Nilitegemea huo, hata kama utatetemeka.

Zilizotoka ni herufi ndogo, zilizosimama, zilizobanana. Mtaalamu akasema ni kawaida, misuli bado inaogopa. Nikamwambia sawa.

Nilipofika nyumbani niliichoma ile karatasi kwenye jiko. Mke wangu aliniona, hakuuliza.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua wiki nzima haijakatika. Kila kitu chuoni kina unyevu: chaki inavunjika kama biskuti, madaftari yamevimba, na karatasi hizi zimekuwa laini mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana kwa mbele. Naandika mstari wangu na chini yake unaogelea mstari uliochapwa, kinyumenyume, kama mtu anayenisindikiza kwa chini ya maji.

Leo asubuhi niliurudia ukurasa wa tarehe 14 Machi, siku aliyokuja Mwenye Rula, nisome tena alichosema. Dirisha lilikuwa nyuma yangu. Maneno yaliyochapwa yalikuwa yamepanda juu kabisa, na katikati ya mistari yangu niliona neno limegeuka: "nje". Nikaigeuza karatasi.

Ni kitabu, ukurasa wa mia na nne, kimechapwa vizuri kwa herufi za printa. Mwandishi anaendelea na hoja yake mpaka kituo. Halafu, bila nafasi, bila alama yoyote, kwa herufi zilezile: Aliyesahau si mtu mwingine; ni mtu yuleyule aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Halafu mwandishi anaendelea.

Niligeuza zote. Maneno ya pembeni yamo humo yote, yameingizwa ndani ya mwandishi mahali yalipokaribia. Sukari imo. Mguu wa kuazima umo. Darasa zima la mwaka jana lilisoma watu wawili wakidhani ni mmoja, kisha vitini vikakusanywa kama kawaida kabla ya mtihani. Yule kijana hakuiba kitu. Alikariri alichopewa, na tukamfukuza kwa kukariri vizuri.

Na mimi tangu tarehe tatu Machi nimelaza mkono wangu juu ya ushahidi wake.

Jumatano, 16 Aprili

Nilimpelekea Mama Chapa karatasi ile. Hakuhitaji kuiangalia. Alizima kompyuta yake, akafunga mlango, akaketi mikono mapajani.

"Mimi nachapa ninachokiona, mwalimu. Miaka ishirini na sita. Nikipewa karatasi ina doa la chai, namuuliza mwenyewe doa nalo nichape? Mwaka jana sikuuliza. Niliogopa kuuliza. Penseli nilidhani ni masahihisho, ni maneno yaliyosahauliwa yanarudishwa mahali pake."

"Na kamati walipokuuliza?"

"Nilisema nilichapa kitabu tu. Wakasema vitini viko wapi, nikasema vimeshatumika. Nilivificha." Akafuta macho kwa upande wa khanga, bila haraka. "Kijana alikuwa ananiita mama. Nilimtazama akilia hapo mlangoni, na mimi midomo imefungwa kama mfuko. Ulipokuja kuniomba karatasi nikasema, Mungu kanijibu. Nikakupa wewe uzione mwenyewe."

"Uliogopa kumuuliza nani?" nilisema. "Nani alikuwa anafundisha kitabu hiki mwaka jana?"

Naapa nilikuwa nalijua jibu. Nilitaka tu nilisikie kwa mdomo wa mwingine.

"Si wewe, baba," alisema Mama Chapa kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa. "Ni wewe."

Alhamisi, 17 Aprili

Mke wangu ameniambia yote. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya; nadhani kisu kilimsaidia.

Walikubaliana, yeye na mkuu na daktari, nisiguswe na habari za miaka ile mpaka nipate nguvu. Ilianza na mwandiko. Ulianza kusinyaa. Nilikuwa nikiandika barua anashindwa kuisoma. Kisha nami nikasinyaa. Nikaona wezi kila mahali: anayeniibia mawazo, anayeniibia vitabu, anayeniibia sukari. Nikanunua kufuli kumi na moja.

"Sanduku la mkate," alisema. "Nilikuwa nakuomba ufunguo nikupikie wewe mwenyewe chakula. Hukunipiga, sisemi uongo. Ulikuwa unanitazama tu."

Daktari alimwambia huenda vilikuwa viharusi vidogo vidogo, vimetangulia kile kikubwa, vikanibadilisha tabia. Huenda. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata baadaye, nilipopona.

"Kwa sababu kilipokupiga kile kikubwa ulizinduka ukacheka," alisema. "Uliniona ukacheka, ukaniita jina la uchumba wetu. Nilienda nyumbani siku ileile nikang'oa vipete vyote kwa bisibisi. Watu walikuwa wananipa pole. Mimi nilikuwa nimerudishiwa mume."

Jumanne, 22 Aprili

Sikuwa mimi. Nilikuwa mgonjwa. Sikumbuki. Nimeandika sababu tatu, kila moja ni ya kweli.

Alhamisi, 24 Aprili

Somo la sura ya mwisho. Nimewafundisha hoja ya mwandishi kwa haki yake yote, sijawahi kuifundisha vizuri hivyo, na sababu yake naijua: naihitaji. Nilisema, ikiwa mtu hawezi kulifikia tendo kwa ufahamu wake, kumwadhibu ni sawa na kumwadhibu jirani. Kalamu zilikuwa zinakimbia. Niliona ilivyo tamu. Mlango uko wazi, mzee wa miaka mia tatu ameushikilia, na mimi sina la kufanya ila kutoka.

Mwenye Rula aliinua mkono. Ndiyo mara ya kwanza muhula huu.

"Mwalimu, unakubaliana naye?"

Nilitazama nje. Maji yalikuwa yanashuka ukutani. Nilimfikiria yule wa pembeni, mwenye sukari na makufuli yake. Mtu mbaya, na ndiye aliyeniachia jibu, akalipigia mistari miwili.

"Kabla kiharusi hakijanipiga nilimpinga," nikasema. "Sasa nimeumwa, nimeanza kumpenda. Hilo tu linatosha kunitia shaka."

Hakuandika. Aliiweka rula yake kwenye ukurasa mtupu, akaiacha hapo mpaka kengele.

Baada ya somo nilimwonyesha karatasi ya tarehe 14 Machi, pande zote mbili. Alisoma upande wa kaka yake. Kisha akaomba ruhusa kusoma upande wangu, nikampa. Alichukua muda.

"Nilidhani ulikuwa unanidhihaki," alisema. "Uliponiuliza mwalimu ni nani."

Jumanne, 29 Aprili

Nimempelekea msajili barua: naondoa shtaka, kijana hana hatia, kosa ni langu, vitini vimeambatishwa, ushahidi wa Mama Chapa umeambatishwa. Nikatia sahihi kwa kushoto. Msajili ni mtu wa taratibu, anayepiga muhuri hata barua ya likizo yake mwenyewe. Alifungua faili, akaweka karatasi ya shtaka kando ya barua yangu.

"Mwalimu, hii sahihi haifanani."

"Naandika kwa kushoto siku hizi."

"Naona. Lakini shtaka linaondolewa na aliyelileta. Hapa nina sahihi ya aliyeleta, na hapa nina sahihi ya mtu mwingine. Kamati ina watu watatu wasiokujua. Watasema barua imeandikwa na shangazi wa kijana."

"Msajili, sisi tumekunywa chai pamoja miaka kumi."

"Chai haigongwi muhuri," alisema, na najua alikuwa anaona aibu. "Mimi nakujua ni wewe. Kwa karatasi, huyu si wewe."

Nimetembea nyumbani bila mwavuli. Miezi miwili nimekuwa nikifundisha kwamba mtu si mwili wake, na leo chuo kimenijibu kwamba mtu ni kiganja chake cha kulia.

Ijumaa, 2 Mei

Mpira umepotea. Jana asubuhi nilikuwa nao.

Jumamosi, 3 Mei

Nimenunua mwingine. Nao umepotea.

Jumanne, 6 Mei

Nimeikuta mipira yote miwili ndani ya sanduku la mkate, chini ya kitambaa. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mkono huo ukirudi," alisema, "na yeye atarudi."

Sikuweza kumcheka. Hata mimi nimeuona ukiandika: sisimizi wale wale, wanatoka kwenye ncha ya penseli mmoja mmoja kama walikuwa ndani wakisubiri mvua ikatike. Usiku nakiona kidole cha shahada kikitembea juu ya shuka peke yake. Siwezi kumwahidi mke wangu kitu nisichokijua.

Nikamwambia habari za msajili. Nikamwambia kwamba kuna kijana anapanga viatu kwa sababu ya mkono huu, na hakuna mkono mwingine duniani unaoweza kumtoa. Aliketi kwenye kigoda. Nilidhani ananuna, kumbe anahesabu.

"Siku tatu," alisema. "Utaweza?"

Akachukua mpira mmoja, akaufuta unga wa mkate, akaniwekea kiganjani. Kisha akanifunga vidole juu yake, kimoja kimoja.

Alhamisi, 8 Mei

Tumejaribu jikoni mchana kutwa. Mke wangu anashikilia karatasi isiteleze, mimi naandika. Sahihi arobaini, zote kama mguu wa kuku. Nikakata tamaa, nikaanza kumsimulia alichosema Mama Chapa kuhusu doa la chai, tukacheka wote wawili, na nikiwa nacheka, nikiwa hata sitazami, mkono ulitembea. Mara moja, haraka, kutoka kushoto kwenda kulia, na mwisho ukapiga mistari miwili chini yake.

Tukaitazama. Ni ndogo, imesimama, imebanana. Sijawahi kujifunza kuiandika. Mke wangu aliondoa mikono yake kwenye karatasi kana kwamba ina moto.

"Huyo," alisema.

Aliirudisha mikono. "Haya. Kwenye barua sasa, kabla hajaondoka."

Ijumaa, 9 Mei

Nilisimama mbele ya kamati. Msajili aliweka karatasi mbili pamoja, akazisogeza kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akazikutanisha sahihi kwa kuzielekeza dirishani. Zilifunikana. "Ndiye," alisema. Mama Chapa alitoa ushahidi wake amesimama wima, na alipomaliza aliniomba leso.

Mwenyekiti akaniuliza kama nakumbuka kuleta shtaka lile. Nikasema sikumbuki hata neno moja. Akaniuliza kama daktari anaweza kuandika kwamba nilikuwa mgonjwa, maana hilo lingenipunguzia lawama. Nikasema anaweza, na pengine ni kweli, lakini kijana alifukuzwa na sahihi hii, na sahihi hii imetoka mkononi mwangu jana jikoni kwangu. Nikasema nilikuwa mimi. Neno lenyewe lilikuwa gumu kulitamka. Lilipotoka, kwa kitambo kidogo, kidogo sana, niliona droo, na ufunguo ukizunguka ndani yake, na nikasikia furaha ya yule aliyekuwa anauzungusha.

Wamemrudisha. Ataanza muhula ujao, na rekodi yake ya kufukuzwa itafutwa. Mimi nimepewa onyo kali la maandishi, na kitabu nimenyang'anywa. Haki yao.

Kijana alikuwa nje varandani na dada yake, viatu vyake vimepigwa rangi vikang'aa. Niliandaa maneno mengi. Alinitangulia.

"Sijakusamehe, mwalimu," alisema. "Lakini shikamoo."

Dada yake naye akasema shikamoo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikawaitikia marahaba, nikageuka upesi.

Mvua ilinikuta njiani. Nyumbani mlango ulikuwa umekomelewa kwa ndani, jambo ambalo mke wangu halifanyi mchana. Nikabisha, nikagundua baada ya kubisha kwamba nimebisha kwa mkono wa kulia.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

Nilimsikia akipumua upande wa pili wa ubao.

"Mimi nani?"

Nilifikiri kumwambia jina lile la uchumba wetu, lingefungua mlango mara moja. Lakini ningekuwa nimeingiza nusu tu ya mtu.

"Yule aliyemfukuzisha kijana," nikasema. "Na huyu aliyemrudisha. Tumelowa. Fungua."

Ilichukua muda. Kisha nikasikia komeo linavutwa.